Ekari ya Kandida

Otilia hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na hilo lilituchosha sisi majirani zake wa Singe, maana tulipenda kujua. Alishuka kutoka milima ya Mbulu akiwa msichana, akapata ekari moja pembeni mwa mji wa Babati, akalima mahindi na mbaazi. Mtoto wake mmoja, Kandida, alimzaa na Fabiani, dereva wa trekta wa mkulima mmoja mkubwa kule Bonga. Ndoa haikuwepo. Siku hizo dereva wa trekta alikuwa mtu, na Fabiani alijua kwamba yeye ni mtu.

Mwaka 1979 Otilia alimpeleka mahakamani. Fabiani hakumkana mtoto, hilo tumpe haki yake. Hakimu akaamuru atoe shilingi mia kila mwezi, kwa kuwa kwa mtoto wa nje ya ndoa sheria haikuruhusu zaidi ya hapo. Mia wakati huo ilikuwa pesa. Otilia alinunua mahindi, sabuni na mafuta ya taa, na chenji ya chumvi ikabaki.

Kisha hali ikawa ngumu. Sabuni ikawa ya kupata kwa kujuana, sukari ikawa ya kusimuliana, watu wakafua kwa majani ya mpapai. Bei zilipanda kila uchao, mia ya Kandida ikakaa palepale. Kufika 1984, tulipokuwa tunakula ule unga wa njano wa msaada tulioubatiza Yanga, mia hiyo haikumaliza wiki. Lakini Fabiani hakukosa hata mwezi mmoja. Alifika mahakamani amechana nywele, akamwachia karani noti yake, akaondoka kifua mbele. Mimi aliniudhi kuliko wale wanaokimbia. Anayekimbia unaweza kumtukana. Huyu alikuwa na sheria mfukoni.

Otilia akarudi kwa hakimu kuomba nyongeza.

"Mama Kandida, bei naziona, hata mimi nakwenda sokoni," hakimu alimwambia. "Lakini sheria inasema mia. Nikiongeza senti, nimeivunja mimi."

"Waliotunga sheria hiyo wanakula nini?" Otilia aliuliza.

Sheria yenyewe haikuwa na haraka: iliendelea kusema mia hata Kandida alipokuja kuwa na watoto wake. Hakimu akamwita Fabiani, akawashauri wapatane wenyewe.

Hapo Otilia akaomba jambo moja tu. Fabiani abaki na mia yake, ila kila msimu amlimie Kandida ile ekari kabla ya mvua. Fabiani alicheka. Trekta ipo, dizeli ni ya tajiri, ekari moja ni kazi ya kabla ya chai. Akakubali mbele ya hakimu na karani, akarudisha noti mfukoni. Sisi tulimwambia Otilia amekosea kuachia pesa ya uhakika. Yeye alikuwa mkulima aliyezaliwa na wakulima, na aliamini kwamba mtu anaweza kukudanganya kuhusu chochote, lakini si kuhusu kulima.

Novemba ikafika, pampu ya trekta ikafa. Spea haikupatikana Babati, haikupatikana Arusha. Wakaipandisha trekta juu ya mawe, na madereva wakawa wanakaa kivulini mwake kucheza drafti. Mawingu yakaanza kukusanyika juu ya mlima Kwaraa. Otilia alikuwa akilima vibarua kwenye mashamba ya watu ili yeye na mtoto wapate cha jioni, na shamba lake likabaki majani matupu. Mvua ikinyesha hivyo, hapangekuwa na mahindi ya mwaka mzima, na sote tulilijua hilo.

Fabiani naye akapeleka mia kwa karani. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: trekta mbovu, turudi kwenye sheria.

Otilia aliichukua noti ile, akatembea nayo hadi Bonga. Aliwakuta madereva kwenye drafti yao.

"Natafuta kibarua wa kunilimia ekari moja kwa jembe," alisema baada ya salamu. "Siku hizi ni bei gani?"

Pantaleo, dereva mzee ambaye hakumfahamu, ndiye aliyejibu. "Kwa jembe? Mia sita, mama, na chakula cha mchana."

"Mimi ninayo mia."

Wakaangua kicheko. "Kwa mia hata majani hayafyekwi," alisema Pantaleo. "Hebu muulize kijana huyu. Fabiani, utamlimia mama kwa mia?"

Fabiani aliinamia drafti kana kwamba zamu ilikuwa yake.

"Jibu, dereva," alisema Otilia.

"Mia haitoshi," Fabiani alisema, chinichini.

"Mwanao umemwambia inamtosha mwezi."

Akaiweka noti katikati ya ubao, juu ya kete zao, akaondoka. Habari ilifika Singe kabla yake, na siwezi kuficha, nilifurahi sana.

Kesho kutwa yake Fabiani alikuja na jembe la kuazima. Alilima kama mtu anayeua nyoka. Viganja vyake, vilivyozoea usukani, vilitoka malengelenge siku hiyohiyo, akavifunga kitambaa akaendelea. Tuliokuwa na shughuli upande ule tulipita taratibu, na wasiokuwa na shughuli wakazitafuta. Hakutuangalia.

Kandida, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza, ndiye aliyempelekea uji. Hakuwahi kumwona kabla. Pesa zote zilipitia kwa karani. "Shikamoo," alimwambia kila siku, na Fabiani akaitikia "marahaba" bila kuinua macho.

Siku alipofika mpaka wa chini, manyunyu yalikuwa yameanza. Otilia alikuwa akimfuata nyuma na mbegu. Kandida akasimama kati yao na kikombe cha uji.

"Mama, huyu kibarua anatudai shilingi ngapi?"

Otilia aliendelea kufukia mbegu. Alilisikia swali, akamwachia Fabiani alijibu.

"Mimi sidai," alisema Fabiani. "Nadaiwa."

"Na nani?"

Fabiani alikipokea kikombe, akanywa uji wote, akakirudisha.

"Na wewe."

Kandida alifikiri kidogo. Kisha akamwonyesha kona aliyoiruka, karibu na mbaazi, ambako majani yalikuwa bado yamesimama. Fabiani akachukua jembe, akaenda.