Meza ya Watu Wawili

Isack hakuwa mume mbaya. Tulimalize hilo mapema kabla watu hawajaanza kumchambua. Hanywi, hagombi, mshahara wake unaonekana, na kanisani ndiye anayepanga viti na ndiye anayevikunja. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alifanya kazi usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule New Hope, Minnesota, Marekani, na mkewe Elinaja alifanya kazi mchana, kwenye maabara ya hospitali. Walipanga hivyo watoto walipokuwa wadogo, ili nyumbani kwao Brooklyn Park asikosekane mzazi. Watoto wakakua, wakaondoka, shifti zikabaki pale pale. Kuna asubuhi walipungiana mikono kwenye taa za barabarani, mmoja anakwenda, mwingine anarudi, kila mtu ndani ya gari lake kama majirani.

Ndiyo maana binti yao mkubwa, Doris, aliwakatia tiketi ya kwenda Rimini, mji wa pwani huko Italia alikowahi kwenda na rafiki zake. Elinaja akaanza visingizio: nani atashika zamu yake, nani atamwagilia maua.

"Mom, just go," Doris akamjibu. "You and Dad haven't had dinner together since I was in high school."

Mtoto hakukosea, na Elinaja aliliona hilo. Kesho yake akaenda kununua gauni. Hakumwambia mtu alichokitaka katika safari ile. Alitaka kukaa meza moja na mumewe, wawili tu, aone kama bado wana ndoa au wamebaki na ratiba.

Walifika na njaa zao saa kumi na moja jioni, saa ambayo Minnesota watu wameshaketi mezani, wakakuta migahawa yote jiko limezimwa. Mji mzima ulikuwa umejilaza kwenye mchanga chini ya miavuli, safu baada ya safu, wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kula. Wakajishikiza na piadina za kibandani, mkate bapa uliokunjwa na nyama na jibini ndani. Isack akaonja, akatangaza kwamba hiyo ni chapati iliyonyimwa mafuta. Elinaja akacheka mpaka akashika ukuta. Tumeanza vizuri, akajisemea.

Usiku ulipoingia wakapata meza karibu na bandari, wakaletewa samaki wadogo wa kukaanga. Elinaja hajamaliza kukunjua kitambaa, Isack akawainulia mkono wazungu wawili waliokuwa wanapita. "Karibuni! Karibuni chakula!"

Kwetu, mtu akikukuta unakula unamkaribisha, naye anajibu, "Asante, endeleeni," anapita zake, na hakuna tonge lililopungua. Ni adabu tu, si mwaliko. Lakini Isack siku ile alizidisha. Alimkaribisha mama mwenye mbwa, akamkaribisha kijana wa baiskeli, akamkaribisha hata mhudumu aliyeleta chakula chenyewe. Kila Elinaja alipofungua mdomo, mwenzake alikuwa ameshapata mtu wa kukaribisha.

"Baba Doris, hawa watu hawajui Kiswahili."

"Mkono hauhitaji Kiswahili, Mama Doris."

Siku ya pili mkono ukaeleweka. Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa amesimama akingoja meza. Isack akamwambia, "Karibu, mzee," akasogeza na sahani kidogo, kama ilivyo desturi. Mzee akaitazama sahani, akaweka mkono kifuani, akavuta kiti, akaketi. Akamwita mhudumu kwa jina, akaagiza uma, kisha akaagiza sahani nyingine ya samaki. Alizungumza Kitaliano tangu mlo unaanza hadi unakwisha, na Isack akawa anaitikia, "Eeh, kweli kabisa," uso unang'aa kama bwana harusi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mwenyeji aliyepona alikuwa mmoja. Elinaja alikaa na gauni lake jipya akisikiliza habari ya kitu fulani kilichozama, ama mashua, ama ndoa ya mzee.

Mzee alipoaga, alimbusu Elinaja mkono. Isack na Elinaja wakashika njia ya kurudi hotelini, kando ya bahari.

"Nimevuka bahari kuja kula na wewe," Elinaja akasema. "Sikuja kula na mzee wa watu."

Isack akacheka kidogo, akaona yuko peke yake katika kicheko kile, akaacha.

"Unaniogopa?" Elinaja akamuuliza.

Isack akaitazama miavuli iliyofungwa mchangani. "Naogopa kimya. Tukishamaliza habari za watoto na za bili, nitakwambia nini? Kule kazini wazee wananipigia stori mpaka kunakucha, najua pa kuitikia. Kwako sijui nianzie wapi."

"Ungekuwa nyumbani jioni ungejua."

Hapo ndipo Isack alipolisema. "Walinipa day shift, mwaka juzi. Supervisor mwenyewe alinipigia. Nikamwambia usiku unanifaa."

Elinaja alisimama. Mwaka juzi huo huo, kwenye kikundi cha akina mama, alikuwa amemwombea mumewe shifti ya mchana, kwa jina, na wenzake wakasema amina. Kumbe Mungu alishajibu, Isack ndiye aliyemkatalia. Ilimuuma, na asikudanganye mtu kwamba uchungu wa namna hiyo unapungua kwa kuwa anayekuumiza ni mpole.

Jioni ya mwisho hakutaka kutoka, lakini njaa haina kiburi. Wakaenda, wakaketi mezani. Isack aliweka mikono chini ya meza kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Watu wakapita, hakukaribisha mtu. Na kile kimya alichokiogopa kikaja kweli, kikakaa nao. Elinaja hakumwokoa. Alizungusha tambi zake, akala, akangoja.

"Hivi," Isack akasema mwishowe, "pale maabara, damu ikishafika kwako, unaifanyaje?"

Miaka yote ile hakuwahi kuuliza. Elinaja alitaka kumjibu kwa hasira, akajikuta anamjibu tu. Akamweleza mashine inavyozungusha damu, na jinsi anavyoifahamu damu ya mtu aliyechoka kabla ya mashine kusema. Akamweleza kuhusu Keziah, Mkenya anayekaa naye benchi moja, anayeimba akikosea. Isack akauliza Keziah anakosea mara ngapi kwa siku. "Akikosea sana tunapata kwaya nzima," Elinaja akasema, na wote wawili wakacheka. Kisha kimya kikarudi. Wakala ndani yake, na hakuna aliyekufa.

"Kaiombe ile shifti ya mchana," Elinaja akasema.

"Na tukikosa cha kusema?"

"Tutakula."

Supervisor hakuwa na kinyongo; Isack alipoiomba, akampa. Jumatatu ya kwanza ya shifti mpya, Elinaja alirudi kutoka kazini akakuta gari la Isack limeegeshwa na taa ya jikoni inawaka. Alizima injini, akabaki amekaa garini. Akashusha kioo kidogo cha kujitazamia kilicho juu ya usukani, akajitazama, akapaka mafuta midomoni, akayafuta, akapaka tena. Mama wa watoto wazima, anaona haya kuingia katika nyumba anayoilipia mwenyewe!

Pazia la jikoni likasogea. Isack alikuwa amesimama dirishani, amevaa shati lake la kanisani, na kwa jinsi alivyolishika pazia ilionekana wazi kwamba naye amekuwa akijishauri muda mrefu kama atoke au asitoke.