Wageni Niliowaandika

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika bonde la Lambwe. Kila mwezi hupita boma kwa boma na rejista, nikiandika nani ana mimba, mtoto yupi hajachanjwa, mgeni gani amehamia. Watu huniambia mambo ambayo hata pasta wao hayajui.

Kisha wizi wa ng'ombe ukazidi. Jirani yangu alikatwa panga akitetea fahali wake, akafia njiani kuelekea hospitali. Kesho yake naibu chifu alinijia, akaeleza kuwa watu wa usalama wanatafuta kila mgeni aliyelala bondeni. Nikamwambia rejista ni mali ya zahanati. Akanijibu taratibu, "Mama, tuzike wangapi tukikungoja?"

Nikampa. Alipiga picha kila ukurasa kwa simu yake, si zile za wageni tu. Wiki hiyo wezi wawili walikamatwa katika nyumba niliyokuwa nimeiandika. Kanisani tulitoa shukrani, nami nikashukuru kwa moyo wote.

Jumamosi pikipiki ikasimama mlangoni kwangu. Mwanamume nadhifu, lafudhi yake ya kule mpakani, alinisalimia kwa heshima, akanywa maji niliyompa. Akasema anamtafuta mkewe.

"Ulipompima mtoto wetu alikuwa na kilo nane," akasema. "Nimekuja kuona kama ameongezeka."

Kilo hizo tulizijua mama wa mtoto, mimi na rejista tu. Mwanamke huyo alikuwa amekimbia kipigo, akajificha kwa dada yake hapa bondeni, nami nikamwandika. Nilidanganya kwamba amehamia Kisegi. Akatabasamu.

"Asante, mama. Nitaanzia kwa dada yake."

Alipowasha pikipiki nilikuwa tayari nimempigia dada mtu. Mama na mtoto walitokea nyuma, wakapitia shamba la mahindi. Mwanamume alifika, akaketi uani mpaka jua likazama, kisha akaondoka bila kuuliza lolote.

Nilipomkabili naibu chifu, alikiri kuwa picha alizituma kwenye kundi la WhatsApp la usalama. Zilikoishia hajui.

Bado nazunguka. Juzi mjamzito mmoja alinipa kiti, akaniuliza ni nani mwingine atakayesoma nitakayoandika. Nilifunga rejista, nikairudisha mkobani. Yule aliyepitia mahindini hajapiga simu hadi leo, na mwanawe hajamaliza chanjo.