Mayai ya Kupeleka Mbinga

Sisi tuliosoma wakati wa ruksa, hebu tukumbushane. Asubuhi ziwa limetulia kama maziwa kwenye bakuli, dagaa wa usipa wameanikwa mchangani wanameta mpaka macho yanauma, na sisi mstarini, miguu pekupeku, tumenyoosha mikono tukaguliwe kucha. Mwalimu Agatha hakuwa na haraka. Akiona weusi anauliza, "Wewe, hilo shamba umelima lini?" Tunacheka wote, hata mwenye shamba.

Kisha anafungua chati aliyoichora mwenyewe kwenye mfuko wa saruji. Samaki, maharage na mayai, vya kujenga mwili. Muhogo, wa kutia nguvu. Mapapai na matembele, vya kulinda mwili. Tuliimba hayo mpaka sauti zikapotelea huko majini. Mimi shule niliishia la nne, lakini somo hilo halijanitoka.

Nyumbani kulikuwa na mdogo wangu Zeno, miaka mitatu. Miguu ilivimba, nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi. Watu wakanong'ona kabemendwa, eti wazazi wamevunja miiko ya kunyonyesha. Mimi nikasema moyoni, huyu kakosa vya kujenga mwili. Na kuku tulikuwa nao! Ila mayai yalikuwa ya kupeleka Mbinga mjini, yakauzwe. Usipa nao, Mbinga. Aliyevipandisha mlimani ni baba mkubwa Kosmas, mwenye kauli nyumbani kwetu, namtaja na haya sina. Ndiyo ruksa yenyewe, biashara imefunguliwa, kila mtu mfanyabiashara. Akirudi anamletea Zeno biskuti na soda nyekundu, "ale vya mjini apone." Na sisi wajinga tukamwonea wivu mgonjwa.

Basi nikawa nachukua yai, nalichemsha, namlisha nyuma ya jiko. Alikula taratibu, kafumba macho, kiini kimemganda mdomoni kama chavua. Siku ya tatu baba mkubwa akanifuma.

"Si nilisema? Mtoto akila yai anakuwa mwizi! Huyu hapa!"

"Baba mkubwa, mimi sijala. Kala Zeno."

"Basi mmekuwa wezi wawili!"

Majirani wakacheka. Nikachapwa. Mama aliendelea kuchochea moto, naye namtaja. Mayai yakafungiwa sandukuni.

Mwalimu Agatha alikuja, akapiga goti. "Shikamoo mzee. Naomba yai moja tu kwa siku, la huyu mtoto."

"Marahaba. Kafundishe hesabu, mwalimu."

Zeno tulimzika kabla ya mvua za kwanza.

Leo wanangu wanasukuma sahani. "Baba, mayai tena? Hakuna chipsi?" Kucha zao safi, simu mkononi, na mapapai yanawaozea mtini. Zamani ziwa lilikuwa na samaki wengi kuliko sasa, hewa tamu kuliko sasa, na bado tulizika watoto. Hata hivyo, asubuhi moja tu ya zile ningeiomba irudi. Nisijifiche nyuma ya jiko. Nilichukue yai mchana kweupe, mbele ya baba mkubwa, anichape anavyotaka, ili mradi Zeno aachwe amalize kula.