Nilijibu Swali la Daktari, Paka Akakosa Bima

Admin, jina langu lifunike vizuri, maana dada wa Bur Dubai wanaosoma ukurasa huu ni wengi na umbea wao naujua, mimi mwenyewe nimo.

Nina miaka thelathini na minne, kwetu Likoni. Huu ni mwaka wangu wa tano hapa Dubai, nafanya kazi za ndani kwa madam mmoja wa Kilebanoni. Hana mume wala mtoto. Ana paka, Simsim, dume kubwa lenye madeko. Mwanzoni nilimwonea kijicho. Kwetu paka hugombania vichwa vya samaki, huyu ana daktari wake, na siku hizi hata kadi ya bima. Lakini mama yangu alipofariki nikashindwa kwenda kumzika, Simsim ndiye aliyenifuata chumbani akalala miguuni pangu, siku zote za matanga. Tangu hapo nampenda, na sioni haya kusema.

Juzi juzi akaanza kunywa maji kupita kiasi na kukonda. Madam alikuwa kazini, akanituma nimpeleke kliniki ya wanyama kwa teksi. Daktari, dada mpole wa Kihindi, akauliza hali hii imeanza lini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeiona kwa wiki tatu tu. Lakini sisi tuliopitia kwa wakala Mombasa tulifundwa kabla ya kupanda ndege: ukiulizwa jambo la nyumba, usionekane umechelewa kuliona, utaambiwa huangalii kazi. Basi nikajibu kwa kujisifu, "Kitambo, doctor. Zaidi ya mwaka. Mimi ndiye ninayemjazia bakuli." Akaandika kwenye kompyuta yake.

Kumbe ni figo. Madam hakutishika, kwa sababu bima alikuwa ameikata miezi minane nyuma. Baadaye kampuni ikajibu kwamba hailipi kitu, ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima, na daktari mwenyewe ameandika zaidi ya mwaka. Madam alinisomea barua hiyo huku analia. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila kichwa kilichoponzwa hapa si changu.

Dripu za mwanzo alizilipa kwa kuuza bangili alizoachiwa na mama yake. Sasa hawezi tena. Kampuni imempa mpaka Alhamisi kupinga uamuzi. Ikikataa, Simsim atachomwa sindano ya kulala asiamke.

Jana madam alikaa sakafuni jikoni, paka mapajani, akaniuliza kama mwaka jana Simsim alikuwa mgonjwa. Nikamwambia alikuwa mzima kabisa, na hilo ni kweli.

"Sasa daktari huo mwaka kautoa wapi?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikasema, "Labda alikosea kuandika, madam."

Akanikumbatia. Akasema, "Habibti, bila wewe ningefanya nini." Kisha akafungua laptop kuandika barua ya kumshtaki yule daktari. Kesho anaituma.

Nikisema ukweli naweza kurudishwa nyumbani, na binti yangu yuko kidato cha tatu, ada yake inatoka kwa mikono hii. Tena kampuni inaweza kudai madam ndiye aliyenifundisha kubadilisha maneno. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa ataharibiwa kazi yake, na akitoa maelezo yake uongo wangu utajulikana, pengine Simsim keshakufa. Leo hajala. Namnywesha maji kwa bomba la sindano, naye ananiachia tu, hata hanikwaruzi. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Ndugu zangu, matusi nayastahili lakini yawekeni kando mpaka Alhamisi ipite. Aliyewahi kuungama kwa bosi wake anisaidie. Naanza na neno gani mbele ya mtu aliyenikumbatia kwa uongo wangu?