Viboko Sita vya Pai

Mimi ni mtu wa kinyongo, nakubali. Anayenijua mimi, Yuditha wa Kibosho, mwalimu wa hesabu, hatashangaa. Kusamehe nimefundishwa kanisani. Kusahau sijafundishwa na mtu.

Mwaka 1988 nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu Valerian aligawa ubao pande mbili. Kushoto namba wiano, zile zinazoandikika kwa sehemu, namba nzima juu ya namba nzima. Kulia zisizo wiano, ambazo haziandikiki hivyo hata ukeshe. Nusu akaiweka kushoto, sawa. Kipeuo cha pili cha mbili akakiweka kulia, sawa. Halafu pai akaiweka kushoto, eti kwa sababu ni 22/7!

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, 22/7 ni ya kukadiria tu. Nimegawa mwenyewe, inaanza 3.1428 na tarakimu zinajirudia. Pai yenyewe inaanza 3.1415, wala haijirudii. Iende kulia."

Lo! Mtoto wa muuza mbege, pombe ya ndizi, anamsahihisha yeye! Ndivyo alivyosema, mbele ya darasa zima, mama yangu Dominika akageuzwa kichekesho. Nikala viboko sita, kisha wiki mbili nikawa nakata majani ya ng'ombe wa shule wenzangu wakisoma. Nililia kwa hasira, si kwa maumivu. Nikaapa moyoni: huyu, ipo siku.

Siku ikaja mwaka 1999. Shule binafsi zilikuwa zinafunguliwa kila kona, nami nilikuwa mkuu wa taaluma katika moja pale Njoro. Tulitangaza nafasi ya mwalimu wa hesabu. Barua ya nne niliyofungua ilikuwa ya Valerian. Amepunguzwa kazini, na watoto bado wanasoma. Moyo ulinidunda kwa furaha, Mungu anisamehe.

Mtihani wa usaili niliutunga mimi. Swali la kwanza: tenga namba hizi, wiano na zisizo wiano. Akaandika pai na 22/7 upande mmoja, ule wa wiano, kwa mwandiko wake uleule mzuri. Miaka kumi na moja, jamani! Nilipokuwa nakusanya karatasi alinitambua. Nikaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Jumapili akaja nyumbani kwetu, ameshika jani la isale. Kwetu anayekuja na isale anaomba radhi, na hafukuzwi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia akitazama chini.

"Madam," akasema, "nilikukosea wewe na mama yako. Naomba unisamehe."

Mama akanikazia macho. Nikalipokea lile jani kwa mikono miwili, nikamvutia kiti. Uso wake ukachangamka.

"Basi Jumatatu niripoti?"

"Viboko nimekusamehe, Mwalimu," nikamwambia. "Matusi pia. Lakini swali la kwanza umekosa."