Vidonge Vyeupe vya Papa

Kansa ya utumbo mpana ya baba yangu, tuliyemwita Papa, ilikuwa imeshafika kwenye ini tulipoambiwa jina la ugonjwa. Hospitali moja hapa Kisangani ilikuwa inajaribu kuona kama dawa mbili pamoja zinashinda moja, na wagonjwa waligawanywa kwa kura. Papa aliangukia kundi la dawa mbili, vidonge vya rangi ya waridi na vyeupe. Wengine walipewa vya waridi tu. Nilifurahi kupita kiasi, nikasahau kwamba hao wengine nao walikuwa na watoto.

Papa alikuwa fundi cherehani, na sijawahi kumwona akila bila kumkaribisha mtu, hata yule asiyempenda. Kila Jumanne alikaa kwenye benchi la hospitali na mvuvi mmoja wa Yanonge, mwenye ugonjwa uleule, wa kundi la dawa moja. Walizungumza kuhusu choo. Ukiwa na kansa ile, mada nyingine zinaisha haraka.

Jumanne moja nilimsindikiza Papa kwa sababu dawa zilikuwa zimembabua nyayo. Tulipotoka kwa muuguzi, Papa alimwaga vidonge vyeupe vya wiki nzima juu ya leso, akavigawa, akamsogezea mvuvi nusu. Mvuvi alipokea kama mtu anayepewa kipande cha muhogo. Kumbe walikuwa wakifanya hivyo tangu mwanzo.

Nilimvuta Papa pembeni, nikamwambia anajiua. Aliniangalia kana kwamba mimi ni mtoto asiye na malezi.

"Mutu iko pembeni yako, iko na njaa ileile, alors we unakula peke yako? Ile ni uchawi. Mi siko muchawi."

Nilikwenda kwa daktari. Nilichotaka ni Papa arudishiwe dozi yake nzima. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwa upole kwamba jaribio haliwezi kupima nusu kwa nusu. Wote wawili waliondolewa. Wakabaki na vidonge vya waridi, sawa kwa sawa.

Papa hakuuliza nani alisema. Mvuvi alifariki mvua zilipoanza. Kwenye matanga, mjane wake alinishika mikono yote miwili mbele ya watu.

"Ile dawa nyeupe ya papa yako ilimusaidia. Alikuwa anakula, anatembea. Kisha ikaisha. Merci, mutoto yangu."

Papa alikuwa amekaa kando yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamjibu mama yule kwamba si neno.