Kura Saba za Watu Watano

Nyumbani kwetu tuko watano. Jumapili moja tulipiga kura, tukafungua chupa ya chai tuliyoifanya sanduku, zikatoka kura saba.

Saba. Na kuhesabu karatasi ndiyo kazi inayonilisha.

Kaa vizuri nikusimulie, na ukicheka ucheke kwa adabu, maana mwizi wa kura ni mimi. Angalau mmoja wao.

Mimi ni mpiga chapa. Nina chumba kimoja na mashine mbili, moja nzima na nyingine inayojifanya nzima. Kadi za harusi, kalenda, matangazo ya paka waliopotea, vyote vinatoka kwangu. Sina shati lisilo na doa, ndiyo maana mtaani wananiita Wino.

Mke wangu ni msusi. Anachomwambia mteja mmoja asubuhi, ikifika adhuhuri mtaa mzima unacho.

Miaka kumi na miwili ya ndoa hatujawahi kwenda likizo. Kila mwaka mashine inagoma, au mtoto anaumwa, au msimu wa harusi unaingia. Mwaka huu mke wangu akaniambia, taratibu kabisa:

"Baba watoto, tusipoenda safari hii, usinitajie tena neno likizo mpaka nizeeke."

Mke wangu akipiga kelele, najua yataisha. Akiongea taratibu, nakubali. Nikakubali palepale. Siku tano, shule zikifungwa.

Sasa tukaja kwenye wapi.

Kuna miji miwili ya kale iliyo jirani. Nitaiita Kuta na Minara, wenyeji wasije wakanitafuta.

Kuta imezungukwa na ukuta mnene ajabu, na ndani yake kuna kasri lenye bafu la malkia, marumaru tupu. Mke wangu aliliona kwenye kalenda. Kalenda niliyoichapa mimi. Nilijipalia makaa mwenyewe.

Minara ina minara kumi na mmoja, lakini hiyo ni mapambo tu. Kilichonivuta ni jumba la makumbusho lenye mashine ya chapa ya miaka mia tatu ambayo bado inafanya kazi. Wanakuruhusu kuvuta mkono wake na kuchapa jina lako. Nikiwaza hilo viganja vinaniwasha.

"Siku tano za likizo," mke wangu akasema, "na wewe unataka kwenda kutazama mashine."

"Wewe unataka kwenda kutazama bafu. Kwani letu lina nini?"

"Lina ndoo."

Ndoo ni kweli ipo.

Tukavutana wiki nzima. Kifungua mimba wetu, miaka kumi na mmoja, akajiunga na mama yake. Kitinda mimba, miaka saba, tunamwita Profesa kwa sababu ya maswali yake, akaja kwangu. Nilimwahidi kwamba atahesabu ngazi za minara yote.

Wawili kwa wawili.

Akabaki mama mkwe.

Mama mkwe anaishi nasi tangu mzee wake atangulie mbele ya haki, mwaka wa nne sasa. Ni mkunga mstaafu, mtu wa maneno machache. Chumba chake kipo karibu na jiko, na anajua nani anadokoa sukari kwa kusikia kifuniko tu.

Nikatangaza kwamba tutapiga kura, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kura ya siri, kama watu waliostaarabika.

Basi kampeni zikaanza, na zilikuwa chafu.

Nikamnunulia mama mto mpya wa kiti chake. Jioni nikamkuta mke wangu anamkanda miguu kwa mafuta. Kesho yake nikaitengeneza redio ya mama, ambayo nilikuwa naahidi kuitengeneza tangu mwaka juzi. Mke wangu akamsuka upya. Mimi nikaanza kumwandalia chai mwenyewe, na chai yangu hainyweki, lakini mama aliinywa yote.

Kila tukimaliza kumwomba, anajibu neno lilelile.

"Nimesikia."

Mara mojamoja anauliza swali.

"Hiyo minara ina ngazi nyingi?"

"Mama, ngazi zisikuumize kichwa," nikamwambia. "Wewe nipe kura yako tu."

Akamuuliza mke wangu kama Kuta kuna baridi.

"Ya kawaida, mama. Watoto watavaa makoti."

"Nimesikia."

Alhamisi nikamwona anarudi kutoka kwa fundi viatu. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vimetiwa soli mpya. Nikadhani kuna msiba mahali, nikasahau kuuliza.

Siku iliyofuata nikachapa kura. Nisikilize hapa, maana ndipo nilipojimaliza.

Mpiga chapa hachapi idadi kamili. Unaongeza mbili tatu za kuharibika. Halafu nina kifaa cha kugonga namba, kile cha vitabu vya risiti, na mkono wangu umeshazoea. Karatasi ikipita mbele yangu naigonga namba bila kufikiri. Nikachapa saba, picha ya ukuta kushoto, picha ya mnara kulia, kisanduku cha tiki chini ya kila moja. Hakuna iliyoharibika.

Tano nikazitenga za familia. Ya saba nikaiacha mezani.

Ya sita nikaitia mfukoni.

Najua. Lakini usinihukumu kabla hujaitamani ile mashine kama nilivyoitamani mimi.

Jumapili ikafika. Nikagawa karatasi kwa heshima, kuanzia kwa mkubwa: mama namba moja, mke wangu mbili, kifungua mimba tatu, Profesa nne, mimi tano. Kila mtu akaenda nyuma ya pazia la dirisha, akatiki, akakunja, akaja kutumbukiza kwenye chupa kuukuu ya chai. Mimi nilitumbukiza mbili kwa mkupuo.

Profesa ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi. Akasimama juu ya kigoda, akaanza kukunjua na kusoma. Sauti yake ilikuwa ya mtangazaji kabisa.

"Minara, namba tano. Kuta, namba mbili. Kuta, namba tatu. Minara, namba nne." Akakunjua nyingine, akasita. "Minara, namba sita."

Akanitazama.

"Baba, sita ni nani?"

Hapo ndipo nilipozinduka kwamba kura yenye namba inamtaja mwenyewe. Kura za siri. Miaka ishirini kazini.

Mke wangu akanigeukia polepole, uso umemjaa furaha.

"Baba watoto. Umeiba kura mbele ya mama yangu mzazi."

"Kuta," Profesa akaendelea, "namba saba."

Furaha ikamtoka mke wangu usoni. Akaanza kuchunguza dari.

"Juzi nilikuletea chakula kazini," akasema. "Ilikuwa imekaa tu pale mezani, haina kazi."

Kifungua mimba akajifunika uso kwa viganja.

"Na nyie ndio mnaotukataza kuibia kwenye mtihani."

Tatu kwa tatu, tumeiba sare. Ikabaki karatasi moja ndani ya chupa, namba moja, ya mama. Naye ametulia juu ya mto wangu mpya, nywele zake zimesukwa vizuri, mikono ameipakata. Nilishajiona nimeshika mkono wa ile mashine.

Profesa akaikunjua. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Bibi hakutiki. Ameandika."

"Soma," nikasema.

Akasoma herufi kwa herufi, kama anavyosoma vitu vya maana.

"Popote, mradi na mimi niwemo."

Unajua, viti vya treni nilikuwa nimeshaulizia. Vinne. Jirani nilikuwa nimeshamwambia kwamba bibi atabaki kuangalia nyumba. Bibi mwenyewe hakuna aliyemwambia chochote. Hatukukaa tukaamua kumwacha. Ni mbaya zaidi, hatukumfikiria kabisa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mimi nimewahi kuchapa kadi mia tatu za harusi zenye jina la bwana harusi mwingine.

"Mlinikanda miguu wiki nzima," mama akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyotumaliza. "Nikadhani mnaniandaa kutembea. Nikaenda kutia viatu soli."

Mke wangu akaangua kilio. Mimi nikainama kuokota karatasi ambazo hazikuwa zimeanguka.

"Tusamehe, mama," nikasema nikiwa hukohuko chini. "Chagua wewe. Popote utakapotaja, tunakwenda sote watano."

Akafikiri kidogo.

"Kutoka Kuta mpaka Minara ni mwendo gani?"

"Nusu saa kwa treni."

"Na mna siku ngapi?"

"Tano."

Akatutazama mmoja baada ya mwingine, mimi na binti yake, watu wazima wenye meno thelathini na mawili kila mmoja.

Tukaenda kote kuwili. Huko Kuta mke wangu alikaa kwenye bafu la malkia mpaka mlinzi akaja kumwomba awapishe wengine. Huko Minara niliipata mashine yangu, nikavuta mkono wake, na bila aibu nikawauliza wenye jumba kama wana kifaa cha kugonga namba. Mnara mrefu kuliko yote una ngazi mia mbili na kumi, Profesa amethibitisha. Mimi niliishia ya themanini nikakaa chini. Mama mkwe alinipita, akaniuliza kama naumwa, akaendelea kupanda.

Sasa somo, na ulichukue bure kwa sababu mimi nimelilipia kwa aibu.

Kabla hujamwomba mtu akuunge mkono kwenye safari yako, muulize kama naye angependa kwenda. Sisi tulimbembeleza mama wiki nzima, kwa mto, kwa redio, kwa mafuta ya miguu. Tulimwomba kila kitu, isipokuwa aje.